Gari la Kazi: Kubana Gharama Bila Kumpoteza Mteja

Kila anayeanza kutafuta riziki kwa gari huja na maswali yale yale: mbona linakula mafuta hivi, nitoze kiasi gani, na nifanye nini ili mteja anirudie? Maswali ni matatu lakini jibu linaanzia mahali pamoja, napo ni kwenye daftari. Asiyejua gari lake linakula nini kwa kilomita hukisia. Akikisia chini anakula mtaji wake. Akikisia juu, au akigeuza bei katikati ya safari, mteja anatafuta mwingine.

Mwongozo huu ni kwa mwenye gari dogo, pikapu au gari la abiria wachache, anayelitumia kusafirisha watu au mizigo midogo. Mwenye lori atapata mengi humu, ila vipimo vyake ni vingine.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Daftari gumu, au jedwali kwenye simu, lenye sehemu tatu: mafuta, matengenezo, safari.
- Kitabu cha gari. Kikipotea, watengenezaji wengi huweka nakala kwenye tovuti zao. Tafuta cha mwaka na injini ya gari lako hasa.
- Kipimo cha upepo cha mkononi. Vile vya vituo vya mafuta huangushwa mara nyingi na vingi husema uongo.
- Multimita ya kawaida, ya kupimia betri.
- Kisoma hitilafu cha OBD2, yaani mfumo wa gari kujipima na kutunza kodi za hitilafu zake. Huchomekwa kwenye soketi yenye pini 16 chini ya usukani. Marekani ililazimisha mfumo huu kwa magari yote madogo kuanzia mwaka 1996, na magari mengi ya baadaye kutoka kwingineko yanao pia.
- Kitabu cha risiti chenye nakala.
- Jeki, spana ya nati za magurudumu, na tairi la akiba lenye upepo. Watu hulikagua siku wanapolihitaji, na siku hiyo huwa limelala.
- Akaunti ya fedha ya gari peke yake. Hela ya gari ikichanganyika na ya nyumbani, hesabu zote za mbele zitakuwa hadithi.

Hatua ya 1: Pima ulaji wa mafuta

Jaza tangi mpaka pampu ijikate yenyewe mara ya kwanza. Usiongeze hata tone. Andika namba ya odometa. Fanya kazi zako za kawaida mpaka tangi lishuke chini ya nusu, kisha rudi kituo kile kile, pampu ile ile ikiwezekana, ujaze tena mpaka ijikate. Lita zilizoingia safari hii ndizo ulizotumia.

Mfano: odometa ilisoma 84,210 na sasa inasoma 84,618. Umetembea kilomita 408. Zimeingia lita 34. Gawanya 408 kwa 34, unapata kilomita 12 kwa lita.

Rudia mara tatu. Kisha jumlisha kilomita zote, jumlisha lita zote, ndipo ugawanye. Usichukue majibu matatu ukayatafutia wastani, kwa sababu safari fupi itapewa uzito sawa na ndefu na jibu litapinda.

Makosa ya hapa ni matatu. La kwanza ni kununua mafuta kidogo kidogo kwa hela iliyopo mfukoni bila kujaza. Hapo huwezi kupima kitu. La pili ni kuamini namba ya dashibodi, ambayo mara nyingi hulisifu gari kuliko linavyostahili. La tatu ni kupima gari likiwa tupu kisha kutoza bei ya gari lililoshiba mzigo. Kama kazi yako ni mizigo, pima na mzigo.

Hatua ya 2: Shughulikia matairi

Hapa ndipo pesa nyingi huvuja bila kelele. Tairi lenye upepo pungufu hubonyea zaidi kila linapozunguka, hupata joto, na injini hulipia joto hilo kwa mafuta. Na tairi lenyewe huisha mapema.

Kiasi sahihi kimeandikwa kwenye kibandiko, aghalabu kwenye nguzo ya mlango wa dereva au ndani ya kifuniko cha tangi. Namba iliyochapwa ubavuni mwa tairi ni kikomo cha juu cha tairi hilo. Si kiasi cha kujaza, na kosa hili ni la kila siku. Angalia pia kama kibandiko kina safu mbili: moja ya gari lenye watu wachache, nyingine ya mzigo kamili. Ya pili ndiyo yako siku za kazi nzito. Kikisomeka kwa bar na kipimo chako ni cha psi, bar 1 ni psi 14.5, kwa hiyo bar 2.3 ni kama psi 33.

Pima tairi likiwa baridi, yaani gari limelala angalau saa tatu. Tairi lililotoka barabarani husoma juu kwa sababu ya joto. Ukilipunguza upepo wakati huo, kesho asubuhi litakuwa chini. Pima kila wiki. Tairi zima kabisa hupoteza kama psi 1 kwa mwezi bila kuwa na tundu.

Tairi pia husema, ukijua kulisoma:

- Limeisha kingo zote mbili: upepo ulikuwa pungufu.
- Limeisha katikati: upepo ulizidi.
- Limeisha upande mmoja: peleka gari kwenye alaimenti.
- Lina mabonde mabonde: shokapu zimechoka, au gurudumu halikubalansiwa.

Badilishana matairi ya mbele na nyuma kila kilomita 8,000 hadi 10,000. Kina cha mifereji ya tairi cha 1.6 mm ndicho kikomo cha kisheria katika nchi nyingi, lakini ukifika 3 mm anza kuweka akiba ya mengine, kwa kuwa uwezo wa kushika barabara yenye maji hushuka mapema kuliko sheria. Ukinunua, soma tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2321 ni wiki ya 23 ya mwaka 2021. Tairi lililokaa stoo miaka mingi linang'aa kama jipya, lakini mpira wake umezeeka.

Hatua ya 3: Rekebisha mguu wako

Hii haigharimu kitu.

Upinzani wa hewa hukua kwa kipeo cha pili cha mwendo. Kutoka kilomita 80 kwa saa hadi 110, nguvu ya hewa inayolisukuma gari nyuma inakaribia maradufu. Katika safari ya kilomita 60, mwendo huo hukuokolea kama dakika 12. Uliza kama mteja analipia dakika hizo.

Tazama mbali na uachie mafuta mapema badala ya kukimbilia taa nyekundu kisha kukanyaga breki. Injini za kisasa hukata mafuta kabisa unapoteremka gari likiwa kwenye gia na mguu umetoka kwenye pedali. Ukiweka niutro kwenye mteremko, injini inarudi kunywa mafuta ili isizimike, na breki zinabeba kazi yote mpaka zipate moto. Yaani "ujanja" ule unagharimu mafuta, na unaweza kugharimu gari.

Shusha visivyo na kazi. Kila kilo 45 za ziada huongeza ulaji kwa kama asilimia 1 kwa gari dogo. Keria ya juu ya paa ikae nyumbani siku isiyotumika. Ukisubiri mteja zaidi ya dakika moja, zima.

Kuhusu vidonge vya kutia kwenye tangi, sumaku za bomba na vifaa vya kuchomeka vinavyoahidi kupunguza ulaji: EPA, mamlaka ya mazingira ya Marekani, imekagua vifaa zaidi ya 100 vya aina hiyo bila kupata kinachopunguza matumizi kwa kiasi cha maana. Petroli ya okteni ya juu kuliko kitabu kinavyotaka nayo haikuongezei kilomita.

Hatua ya 4: Sevisi kwa kilomita

Andika kilomita za sevisi inayofuata na uzibandike mahali unapoziona. Kitabu cha gari ndicho hakimu. Yafuatayo ni ya kukuelekeza tu.

- Oili na filta yake: oili ya madini mara nyingi kilomita 5,000, sintetiki kama 10,000. Vumbi, mizigo, foleni na safari fupi fupi huhesabiwa kuwa matumizi magumu, na vitabu vingi hufupisha muda kwa hali hizo. Gari la biashara karibu daima liko kundi hilo. Filta ibadilishwe kila mara. Kuweka oili mpya juu ya filta ya zamani ni kuoga na kurudia nguo chafu.
- Kiwango cha oili kiwe kati ya MIN na MAX. Ikizidi, inatoka povu na kusukuma sili nje. Kujaza kupita kiasi si ukarimu.
- Maji ya rejeta: kulenti na maji yaliyosafishwa, kwa kawaida nusu kwa nusu. Maji ya bomba matupu huleta kutu. Usifungue kifuniko injini ikiwa moto, hata kama una haraka.
- Mafuta ya breki: magari mengi huhitaji mapya kila miaka miwili. Yanafyonza unyevu, na unyevu ukichemka breki hulegea mguuni.
- Plagi: za kawaida kama kilomita 30,000, za iridiamu zaweza kufika 100,000.
- Mkanda wa taimingi: mara nyingi kati ya kilomita 90,000 na 100,000. Katika injini nyingi ukikatika pistoni hugonga vali, na gharama yake huzidi kwa mbali ya mkanda. Ukinunua gari lililotumika bila rekodi, chukulia haujawahi kubadilishwa.
- Betri: ikiwa imepumzika, volti 12.6 ni kamili na 12.4 imebaki kama robo tatu. Injini ikiwaka iwe kati ya 13.8 na 14.7. Ikiwa chini ya hapo, usinunue betri. Angalia alteneta, inayoichaji betri, kwanza.

Hatua ya 5: Kukubaliana na fundi

Eleza dalili, usitaje dawa. Sema "linagonga mbele kushoto nikipita tuta", usiseme "nibadilishie bolijointi". Ukitaja kipuri, utauziwa kipuri, na ubovu utabaki pale pale.

Kabla ya kufungua chochote, pata makadirio ya maandishi yenye spea na ufundi kando kando. Omba apige simu likizuka lingine. Dai vipuri vya zamani vilivyotolewa. Kutaja tu kwamba utavitaka hubadili mambo. Lipa, chukua risiti, andika tarehe, odometa, kilichofanywa na chapa ya kipuri. Rekodi hiyo utaihitaji tena katika hatua ya 8.

Ukitaka kubana, bana kwenye vitu visivyobeba roho za watu: kioo cha pembeni kilichotumika, kifuniko cha gurudumu, redio. Padi za breki, mipira ya breki, bolijointi na matairi havinunuliwi kwa bei ya kutupwa.

Hatua ya 6: Pata gharama ya kilomita moja

Chukua kila gharama uifanye ya kilomita moja:

1. Mafuta: bei ya lita gawanya kwa kilomita zako kwa lita.
2. Matairi: bei ya seti gawanya kwa kilomita inazodumu, tuseme 40,000.
3. Sevisi na matengenezo: jumla ya miezi sita gawanya kwa kilomita za miezi hiyo.
4. Gharama za kila mwezi zisizojali kama gari limetembea (bima, leseni, maegesho, mkopo): jumla gawanya kwa kilomita za mwezi.
5. Uchakavu: bei uliyonunulia toa bei unayotarajia kuliuzia, gawanya kwa kilomita utakazoendesha hadi hapo.

Jumlisha. Hiyo ndiyo gharama, bila mshahara wako na bila faida.

Namba 4 huwadanganya wengi. Ukizoea kilomita 3,000 kwa mwezi na kazi ikashuka hadi 2,000, sehemu hiyo ya gharama kwa kila kilomita inapanda kwa nusu nzima, ingawa hujaongeza matumizi yoyote. Namba 5 nayo hurukwa kwa sababu hakuna anayekuja kuidai, hadi siku ya kubadilisha gari mtu anapogundua kwamba alikuwa akila gari lenyewe polepole.

Hatua ya 7: Toa bei iliyoandikwa

Hesabu kilomita zote, si zile ambazo mzigo uko ndani tu. Mzigo uko kilomita 8 kutoka ulipo, unaenda kilomita 35, na kurudi kwako ni 40. Kazi hiyo ni kilomita 83. Anayetoza kwa 35 amelipwa chini ya nusu ya njia, kisha atajaribu kufidia kwa kudai "ya kuongezea" mlangoni kwa mteja. Uaminifu huvunjika hapo, na chanzo si tamaa bali hesabu mbovu ya asubuhi.

Tuma bei kwa ujumbe wa maandishi kabla ya kuwasha gari. Iwe na: kutoka wapi hadi wapi, uzito au idadi ya vitu, nani anapakia na kushusha, nani analipa tozo za barabara, muda wa kusubiri ulio bure (dakika 30 ni za haki) na bei ya kila robo saa baada ya hapo, na mwisho wa bei hiyo kutumika. Mteja akijibu "sawa", mna mkataba.

Kwa mteja wa kudumu, andika kanuni ya mafuta mapema. Kama mafuta ni asilimia 40 ya gharama yako ya kilomita na bei ya lita ikapanda kwa asilimia 10, bei yako inapaswa kupanda kwa asilimia 4, si 10. Muoneshe hesabu. Na mafuta yakishuka, shusha wewe kabla hajakuuliza. Wengi hupandisha, wanaoshusha ni wachache, na wateja huambizana.

Hatua ya 8: Siku ya kazi

Piga picha za mzigo kabla ya kuupakia, ukishapakiwa, na ukishafika. Piga picha ya odometa pia, mwanzo na mwisho. Mpokeaji asaini hati ya makabidhiano yenye idadi, saa na jina. Kama kuna kitu kilichobonyea tangu mwanzo, kiandikwe hapo hapo, mbele ya aliyekupa.

Ukiona utachelewa, piga simu kabla ya saa mliyoahidiana. Taja saa mpya yenye nafasi: kama unaona dakika 20, sema 35. Kuchelewa mara moja kwa taarifa husameheka. "Niko hapo karibu" tatu mfululizo hazisameheki.

Ukiharibu kitu, sema wewe kwanza, na picha, pamoja na pendekezo la kulipa. Mteja akigundua mwenyewe, hata kidogo kitakuwa kikubwa.

Ofisi au duka likitaka mtu wa kazi ya kila wiki, wapelekee ukurasa mmoja: tarehe za sevisi za mwaka, hali ya matairi, bima na muda wake, na nani atakuja gari lako likiwa gereji. Wanaoshindana nawe watakuja na maneno tu.

Hatua ya 9: Bima na dharura

Soma bima yako inasema nini kuhusu kubeba abiria au mizigo kwa malipo. Bima ya matumizi binafsi yaweza kukataa kulipa ajali iliyotokea kazini. Tenga sehemu ya kila malipo kwa matengenezo, na kubaliana mapema na mwenzako mwenye gari kama lako mbebane siku ya kuharibika, bei ikiwa imeshapangwa.

Mambo yakienda kombo

*Ulaji umepanda ghafla.* Fuata mpangilio huu, kutoka cha bure kwenda cha gharama. Pima upepo. Baada ya safari isiyo na breki nyingi, sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Moja ikiwa na joto kuliko nyingine, breki yake inakwama. Nusa na tazama chini kama mafuta yanavuja. Soma kodi za hitilafu kwa kile kisoma cha OBD2: P0128 mara nyingi ni thamosteti iliyokwama wazi, injini haipati joto lake na hunywa zaidi. P0171 ni hewa nyingi au mafuta kidogo. Angalia mipira ya hewa iliyopasuka kabla ya kununua sensa. P0420 isikupeleke moja kwa moja kununua katalisti, kile kifaa cha kusafisha moshi kwenye ekzosi. Kagua uvujaji wa ekzosi kwanza.

*Taa ya injini inamweka-mweka.* Injini inakosa kuchoma sawasawa na mafuta mabichi yanaunguza katalisti. Punguza mwendo, simama mahali salama, piga simu.

*Kilomita kwa lita zimeshuka tangu uajiri dereva.* Linganisha lita za risiti na ukubwa wa tangi. Risiti ya lita 52 kwa tangi la lita 45 haihitaji maelezo. Kama lita ziko sawa, panda naye siku moja. Huenda ni mguu tu.

*Gari linavuta upande.* Upepo kwanza, kisha breki, kisha alaimenti. Alaimenti ikifanywa wakati bolijointi zimelegea, ni hela ya bure.

*Mteja anasema mwingine anatoza nusu yako.* Mtumie mchanganuo: kilomita, kusubiri, upakiaji, bima. Muulize kama ile nusu inajumuisha hayo. Ukiweza kupunguza, punguza kwa kubadili kazi: apakie mwenyewe, au mzigo usubiri siku unayoelekea huko. Usishuke chini ya gharama ya kilomita uliyoipata hatua ya 6.

*Mteja mzuri lakini analipa kwa kuchelewa.* Peleka ankara siku ile ile ya kazi, na hati ya makabidhiano iliyosainiwa. Kwa safari inayofuata omba malipo ya mafuta mwanzoni na salio mzigo ukifika.